Taya la Mwalimu Zuhura na Kompyuta Isiyokosea

Daktari Kazungu ameniomba niwazungumzie nyinyi mnaoanza kazi ya meno, tena niwazungumzie usahihi. Alitaka nije kliniki nisimame mbele yenu. Nikamwambia kwamba tangu nistaafu nazungumza zaidi na mbuzi wa jirani hapa mtaani Barani, na mbuzi hao hawasikilizi, lakini angalau hawatazami simu ninaposema. Akasema basi niandike. Nadhani alifarijika, maana ananijua. Nikishasimama mbele za watu, kunikalisha ni kazi.

Kwa wasionijua, mimi ni Riziki, nimekuwa daktari wa meno hapa Malindi tangu ujana wangu. Nimeng'oa meno ya watu ambao wajukuu wao sasa wanakuja kwenu. Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi kwenye kliniki ya Bwana Shabir, na huko ndiko nilikokutana na Kazungu, kijana aliyetoka chuo kikuu na viatu vinavyong'aa na maneno marefu kuliko koti lake. Kazi tuliyosifika nayo ni ya kupanda vipandikizi, yaani vile visurubu vya chuma vinavyokazwa ndani ya mfupa wa taya ili vishike meno ya bandia. Nawaeleza hivyo waziwazi kwa sababu nimewahi kumsikia mmoja wenu akimweleza mgonjwa jambo hilo kwa nusu saa, na mgonjwa akaondoka akiamini anapandwa mahindi.

Sisi tulianza bila kompyuta. Mimi nilifundishwa na Daktari Mwaruwa, Mungu amrehemu, mzee wa kutoka Rabai aliyekuwa na vidole vinene na imani kubwa na vidole hivyo. Alipapasa kidevu cha mgonjwa kwa nje, akafumba jicho moja, akatoboa. "Sikiliza," akaniambia, "mfupa mgumu huimba, mfupa laini hunong'ona." Nikainamisha sikio. Nilichosikia ni feni. Nikamwambia nimesikia, kwa sababu alikuwa mwalimu wangu na nilitaka cheti.

Alikuwa fundi mzuri, simkoseshi haki yake. Lakini kuna kipandikizi chake kimoja kilichoinama pembeni hata fundi aliyeletewa kazi ya kutengeneza jino la juu yake akatupigia simu kuuliza kama mgonjwa huyo hutafuna kwa shavu. Daktari Mwaruwa hakutikisika. "Mfupa ulinivuta," akasema. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, kwake na kwa wengine. Mfupa ulikuwa na lawama nyingi siku hizo, maskini, na hauna mdomo wa kujitetea. Kwa hiyo mzee yeyote wa rika langu akiwaambia kwamba zamani tulikuwa na jicho na mkono na hatukuhitaji mashine, mwitikieni kwa heshima, mumpe chai, kisha mwende mkawashe mashine.

Ila msiwashe akili zikazimika.

Bwana Shabir hakuwa daktari. Ukoo wake umekuwa na duka la rangi na mabomba pale mjini tangu enzi za babu yake, na kliniki aliifungua ghorofani juu ya duka, kwa hiyo wagonjwa wetu walipanda ngazi wakinusa tapentaini. Dukani alikuwa na mashine ya kuchanganya rangi ambayo ukiipelekea kipande cha ukuta wa jirani yako inakutolea rangi ileile, na mtu aliyeishi na mashine kama hiyo anaamini kila kitu duniani kinaweza kufanyiwa hivyo. Ndiyo maana alipokuja muuzaji kutoka Nairobi, amevaa suti na joto letu lile, akamwonyesha mtambo wa kupiga picha taya zima na kichapishi cha kutengeneza vitu vya plastiki, Bwana Shabir hakuuliza maswali mengi. Baada ya muda bango likatundikwa juu ya mlango: KOMPYUTA HAIKOSEI.

Nikamshauri aandike kwamba hukosea kidogo.

"Daktari," akaniambia kwa upole, "nani atapanda ngazi kuja kukosewa kidogo?"

Muuzaji akatufanyia maonyesho kwa taya la mfano la plasta. Niwaeleze alivyofanya, kwa sababu ndivyo mnavyofanya nyinyi leo. Unapiga picha ya taya ili uone mfupa na mshipa wa fahamu unaopita ndani yake. Unachukua na umbo la ufizi na meno. Kompyuta inayaunganisha hayo mawili, na wewe unakaa kwenye kiti chako unapanga kwa kidole kipandikizi kiingie wapi, kwa mwelekeo gani, kwa kina gani. Kisha kichapishi kinakutolea kiolezo, kibao cha plastiki chenye matundu, ambacho mgonjwa anavalishwa mdomoni. Keekee yako, ile ya kutobolea mfupa, inapita kwenye tundu, haiwezi kwenda kushoto wala kulia. Ni kazi ya fundi cherehani mwenye karatasi yake: kata palipochorwa.

Kwenye taya la plasta kila kitu kiliingia palepale. Tukapiga makofi. Mimi nikauliza kama hilo taya lina mate, lina ulimi, na lina mkwe nje anayegonga mlango kuuliza mtamaliza saa ngapi. Kazungu akacheka. Muuzaji akasema hilo ni swali zuri, kisha hakulijibu.

Ukweli ni huu, na muushike. Kila hatua inakula kidogo. Mgonjwa akimeza mate wakati wa kupigwa picha, kidogo kimekwenda. Umbo la ufizi likichukuliwa vibaya, kidogo kingine. Kichapishi nacho kina kiwango chake. Kiolezo kinakaa juu ya ufizi laini, na ufizi unabonyea. Keekee inacheza ndani ya tundu, maana isipocheza hata chembe haizunguki. Waliokaa wakapima wanasema kipandikizi kilichoongozwa na kiolezo hukaribia sana kule kilikopangwa, lakini tofauti hubaki, ya milimita moja hivi, pengine na zaidi. Wanasema pia kwamba kwa kawaida kinaushinda mkono mtupu, na wangu ukiwamo. Sikupenda kulisoma hilo lakini nimelisoma. Milimita moja ni kitu cha kudharau hadi iwe ndani ya taya lako.

Kabla kichapishi chetu hakijaanza kufanya kazi, violezo vilitengenezwa Mombasa tukaletewa kwa basi. Siku moja dereva, mtu mwema kabisa, akaambiwa mzigo huu ni wa hospitali, ni wa maana sana, asiuchanganye na magunia. Akauweka mahali pa heshima, mbele yake, juu ya dashibodi, jua likiupiga njia nzima. Kilipotoka Mombasa kiolezo kilikuwa sahihi. Mtwapa nadhani bado kilikuwa sahihi. Sijui kiliritadi wapi, ila kilipofika Malindi kilikuwa kimejikunja, na Kazungu akakilazimisha mdomoni mwa mgonjwa akisema faili haina kosa. Ni kweli, faili haikuwa na kosa. Faili haikupanda basi. Nikamwambia akijaribu kwanza kwenye taya la plasta la mgonjwa huyo, kikayumba, akakiweka kando. Tangu siku hiyo hakuna kiolezo kilichoingia mdomoni bila kupita kwenye plasta, nami nataka nyinyi mfanye hivyohivyo hata kama kichapishi chenu kiko chumba cha pili.

Kisha alikuja mzee mmoja kutoka Kuruwitu, aliyekosa jino la nyuma kabisa. Tukampiga picha, Kazungu akapanga kazi safi, kiolezo kikakaa kama kimezaliwa naye. Tatizo ni kwamba keekee ya kupita kwenye kiolezo huwa ndefu, na mzee yule mdomo wake ulifunguka mpaka hapo ulipofunguka. Kompyuta ilikuwa imepima mfupa, imepima ufizi, imepima umbali wa mshipa. Haikumwambia afungue mdomo.

"Panua zaidi, mzee," Kazungu akasema.

"Niongezee wapi?" mzee akauliza, keekee ikiwa imekwama kwenye meno yake ya mbele. "Nyuma ya masikio?"

Nilitoka nje nikacheka. Niliporudi nikawafundisha wote wawili, Kazungu na kompyuta yake: kabla ya picha, mwambie mgonjwa aingize vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, huko nyuma kiolezo kitakusumbua. Mzee yule tulimfanyia kwa mkono, na keekee fupi, na akapona vizuri.

Sasa nifike kwa Mwalimu Zuhura, maana yeye ndiye sababu Kazungu amenisumbua niandike.

Mwalimu Zuhura amewasomesha Kurani watoto wa Malindi vizazi na vizazi. Ukimkuta mtu mzima wa hapa anayetamka herufi zake vizuri, muulize, atakwambia alikaa mbele yake. Alipokuja kwetu alikuwa hana hata jino moja. Meno yake ya bandia ya juu yalishika vizuri, lakini ya chini yalielea, kama yanavyoelea ya watu wengi, kwa sababu taya la chini likishapungua hakuna pa kushikia. Siku moja akiwa chuoni kwake, katikati ya kumsahihisha mtoto, meno yakamruka mdomoni. Mtoto akacheka, na wenzake wote wakacheka. Mwalimu hakuwapiga wala hakuwagombeza. Alifunga msahafu, akawaambia waende nyumbani, na hakurudi tena kuketi mbele yao.

Alitaka tumpandie vipandikizi viwili mbele ya taya la chini, meno yake yabanwe hapo yasiruke. Ni kazi tunayoifanya siku zote. Lakini taya lake lilikuwa limelika sana, na mshipa wa fahamu unaotokea karibu na kidevu ulikuwa umekaribia kutokeza juu. Kazungu akamweleza kama inavyopasa: mshipa huo ukiguswa, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, pengine usirudi.

"Mdomo huu wa chini?" akauliza.

"Naam, Mwalimu."

Akaweka kidole juu yake. "Mwanangu, ba yatoka hapa. Mim yatoka hapa. Fa yatoka hapa, na waw pia. Ukiniulia hapa, hayo meno wayapandia nini?"

Kazungu akanitazama. Mimi mwenyewe nikasema, na nilisema nikimaanisha, kwamba taya kama hilo si la kufumbiwa jicho moja. Hiyo ni kazi ya kompyuta.

Neno hilo lilimfikia Bwana Shabir kule chini kwenye rangi, na kwake likawa harusi. Daktari Riziki mwenyewe, yule bibi anayeidharau mashine, amekiri! Akaamua siku ya kazi hiyo iwe siku ya maonyesho. Wageni wataketi sebuleni mwa kliniki, watatazama mpango wa kompyuta kwenye televisheni kubwa, watakula sambusa, na yule muuzaji atakuja kutoka Nairobi kueleza. Mwalimu akakubali kwa sharti moja, kwamba ionyeshwe kompyuta, sura yake isionyeshwe.

Mtu asiye na jino hata moja ana utaratibu wake, na utaratibu wenyewe unategemea meno yake ya bandia. Anapigwa picha akiwa ameyavaa, kisha meno yenyewe yanapigwa picha peke yake, na kiolezo kinachukua umbo la meno hayo kwa ndani, pale yanapougusa ufizi. Meno yakikaa barabara, kiolezo kitakaa barabara. Meno yakikaa ovyo, kiolezo nacho kitakaa ovyo, kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo siku chache kabla ya picha nilimchukulia Mwalimu meno yake ya chini nikayatia utando mpya kwa ndani, yakaugandama ufizi bila uwazi. Nikamwambia siku ya picha aje na meno. Akasema atakuja nayo. Siku yenyewe mimi nilikuwa Rabai mazikoni. Kazungu alimpiga picha, akapanga vipandikizi vyake, akanionyesha mpango, na ulikuwa mzuri kweli.

Siku ya maonyesho ikafika. Harufu ya sambusa ilishinda ya tapentaini kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo lile. Sebuleni muuzaji alikuwa akizungusha taya la Mwalimu kwenye televisheni, rangi ya buluu na kijani, na wageni wakitikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Ndani, Mwalimu aliketi kitini, akasoma Bismillahi, akatoa meno yake ya chini akayaweka kwenye bakuli. Mimi nilikuwa msaidizi, nimeshika sindano ya ganzi.

Kazungu akamvalisha kiolezo. Kikayumba kidogo.

Akakitazama, akatazama kompyuta, akakitazama tena. "Uma kidogo, Mwalimu." Mwalimu akauma, kikatulia.

"Kimekaa!" muuzaji akasema kutoka mlangoni, akarudi kuwaambia wageni.

Mwalimu akanyanyua kidole, kama wanafunzi wake wanavyonyanyua. Akakitoa kile kitu mdomoni, akakiangalia. "Hichi chaniuma papo hapo yanaponiuma yale ya harusini," akasema.

Kazungu akaacha kutazama kompyuta.

"Yapi ya harusini, Mwalimu?" Kazungu akauliza.

"Yale niliyokuja nayo siku ya picha."

"Na haya je?" nikasema, nikimwonyesha bakuli. "Si haya niliyoyatengeneza?"

Akanitazama kama ninayesoma alif na kuiita ba. "Daktari, haya ni ya jikoni. Haya nalia samaki. Mtu aitwa kwenda kupigwa picha, aende na meno ya jikoni? Mwaniona sina watu?"

Wanangu, mkisoma hapa mnacheka. Mimi sikucheka. Nilipaswa kujua. Mama gani wa pwani ataitwa kwenye picha akaenda na leso anayopikia? Ana ya ndani na ana ya kutokea. Mwalimu alikuwa na seti ya pili, aliyotengenezewa zamani kwa harusi ya bintiye, meno meupe yaliyopangika, na tangu harusi hiyo taya lake lilikuwa limepungua na meno hayakupungua. Hayakuugusa ufizi ila sehemu mbili. Aliyavumilia siku ya picha, akayauma yasianguke, akapendeza. Na kompyuta ikapima kila kitu sawasawa, pamoja na ule uwazi uliokuwa chini ya meno ya harusini, ikatengeneza kiolezo kilichokaa juu ya hewa; hata kwenye plasta kilitulia, kwa kuwa Kazungu aliimimina ndani ya meno hayohayo. Matundu yake yalikuwa mahali fulani karibu na mshipa wa Mwalimu. Hakuna aliyejua karibu kiasi gani.

Muuzaji alipoelezwa akasema, "Tofauti ya namna hiyo mfumo huifidia wenyewe."

Nikamwomba anionyeshe kitufe.

Bwana Shabir akaingia. "Kuna shida gani? Wageni wanauliza."

Hapo Kazungu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Mama," akasema, na hakuwa amezoea kuniita hivyo mbele za watu, "fanya wewe. Kwa mkono."

Wote wakanitazama. Hata muuzaji alinitazama kwa matumaini. Najua hadithi mnayoingoja: bibi mzee anavaa glavu, anapapasa kidevu, mfupa unaimba, kompyuta inaaibika. Daktari Mwaruwa angeshavaa. Mimi nikaitazama ile picha ya taya, jinsi mfupa ulivyobaki kama ukingo wa sahani, nikautazama mkono wangu, nikaogopa. Niliogopa sawasawa. Nikarudisha sindano kwenye trei.

"Kiolezo hakijui mshipa uko wapi," nikamwambia, "na mimi pia sijui. Leo hakuna anayetoboa hapa."

Bwana Shabir akaomba tusubiri kidogo, akaomba tufikirie, akataja sambusa. Kazungu alivua glavu akatoka kwenda sebuleni, nami nikamfuata hadi mlangoni nione atasemaje. Angeweza kusema mgonjwa amekuja na meno mengine, na isingekuwa uongo. Akasema, "Leo hatupandi. Picha tuliipiga vibaya, tutaipiga upya." Akasimama hapo wamtazame. Mimi tangu siku ile nikaanza kumwita daktari nikimaanisha.

Muuzaji naye akasimama haraka kuwaeleza wageni kwamba walichokishuhudia ndiyo sifa ya mtambo huu, kwamba mfumo umegundua hitilafu mapema.

Sauti ikatoka ndani kwenye kiti: "Mfumo? Kwani ni mfumo uliokuwa ukiumwa?"

Wageni wakala sambusa, wakaenda zao wakiwa wameridhika kabisa.

Mwalimu hakuridhika. Alirudisha meno yake ya jikoni mdomoni, akashuka ngazi bila kutuaga, na tukasikia amesema kwamba yamekwisha, Mungu hakutaka. Kazungu akamfuata nyumbani kwa Mwalimu. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akarudi na hiyo marahaba tu. Siku ya pili akaenda tena. Mwishowe Mwalimu akasema atarudi, ila asione mgeni, asione televisheni, na yule wa suti asipande ngazi. Kazungu akaapa. Kisha akamwomba, kwa adabu zote, aje na meno ya jikoni.

Alikuja amejifunika ncha ya buibui mdomoni hadi ndani ya chumba cha mtambo. "Picha hii asiione mtu," akamwambia Kazungu. Akamwahidi hilo pia.

Safari hii nilikuwepo. Meno yalikaa, niliyavuta kwa kidole hayakutoka. Kiolezo kikapita kwenye plasta, kikatulia. Kikapita mdomoni, kikatulia, na Kazungu akakikaza kwa pini kwenye mfupa ili kisihame. Katika kupanga nilimsumbua aache milimita mbili nzima kati ya chuma na mshipa, si kwa sababu kompyuta ilidai, bali kwa sababu ya zile chembe zinazoliwa kila hatua. Akasema nikizidi kusumbua hatabaki na mahali pa kupanda. Lakini aliziacha. Akatoboa polepole, akisimama kila mara kumwagia maji, na mimi nikafyonza mate na kunyamaza, jambo ambalo si rahisi kwangu.

Tulipopiga picha ya kuhakiki, cha kulia kilikuwa palepale kilipopangwa. Cha kushoto kilikuwa kimeinama kuelekea kwenye mshipa. Kidogo, kama milimita moja, lakini upande huohuo tusioutaka. Palibaki nafasi kwenye kompyuta. Kazungu aliitazama hiyo nafasi, akaikuza, akaikuza tena, mpaka ikawa kubwa kama mlango, na bado hakuonekana kuiamini.

Nikamwambia picha imekwisha kusema yake, sasa tuusubiri mdomo.

Mwalimu akaketi na tasbihi yake. Kazungu akawa anakuja na kuondoka. Kila akija anaugusa mdomo wa chini, upande wa kulia kwanza, kwa ncha ya chuma chembamba. "Wahisi, Mwalimu?"

"Sihisi."

Anatoka, anarudi. "Na sasa?"

"Sihisi, mwanangu."

Nikamwambia ganzi ya wazee hukawia kutoka. Nilimwambia kwa ile sauti ninayowaambia wagonjwa kwamba haitauma, naye anaijua sauti hiyo. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Bwana Shabir alifunga duka mapema akakaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nikiomba kwa njia zote ninazozijua, na nyingine nilizozisikia tu.

Kazungu akaja tena. Safari hii hakuuliza, aligusa tu. Mkono wa Mwalimu ukaruka kutoka kwenye tasbihi ukampiga kofi la kiganja.

"Ee, wewe! Mdomo wa mtu huo, si mkeka wa kushonea!"

Kazungu akacheka na machozi yakimtoka, akanifuta mimi yangu badala ya kujifuta yake. "Niwie radhi, Mwalimu," akasema. "Bado upande wa kushoto."

Akaugusa upande wa kushoto, na Mwalimu Zuhura akamkaripia hadi Bwana Shabir akapanda mbio kuja kuuliza nani anapigana.